Mgeni wa Kiainu Dukani Malvern

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, kila mwanao anaponijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa msichana, nimetoka Tanga juzijuzi, najifunza cherehani dukani kwa Bi Zaituni, mtaani Malvern, huku ugenini. Akaingia bibi mmoja mgeni na mwanawe anayefanya kazi hapa mjini. Tukadhani Wachina. Yule mwana akatueleza kwamba wao ni Waainu, wenyeji wa kaskazini kabisa ya Japani, tangu Wajapani hawajafika huko.

Bi Zaituni, asiyeweza kukaa bila kuuliza, akampa chaki ya kitambaa. Bibi akachora mezani kisiwa kikubwa, Hokkaido. Juu yake Sakhalini, kirefu chembamba. Na mashariki visiwa vya Kurili, vimepangana kuelekea Urusi. Kote huko walikaa watu wake, theluji ikifika madirishani.

"Mito mingi bado ina majina yetu," akasema, mwanawe akitafsiri. "Sisi ndio tumepungua."

Alileta joho la marehemu mama yake, limechanika mkononi. Nami kwa haraka zangu nikashika mkasi niukate ule ukingo wenye tarizi, niupinde upya. Bi Zaituni akanipiga kofi la mkono.

"Eish, wewe! Uliza kwanza!"

Bibi akaeleza kwamba kwao tarizi hutiwa shingoni, mikononi na kwenye pindo, kila penye uwazi, ili ubaya usipate pa kuingilia. Basi tukaliunga taratibu.

Tulipomaliza nikamwomba atuombee dua kwa lugha yao. Akalia.

"Siijui. Mama alininyima kwa kunipenda, nisichekwe shuleni. Alipokuwa anakufa alisema lugha hiyo tu. Nilikaa naye, sikuelewa hata neno."

Mwanangu, najua kwa nini humsemeshi mwanao Kiswahili. Unaogopa wenzake wamwite mgeni. Hata mimi naogopa, na inaniuma. Lakini mwacha asili ni mtumwa. Kiingereza atakipata shuleni, Kizulu atakipata barabarani. Kiswahili atakipata wapi, kama si kwako? Anza leo, kwa salamu na kwa chakula, na akikosea usimcheke. Siku nitakapolala nisiinuke tena, nikiomba maji, nataka mjukuu wangu ajue ninaomba nini.

Mungu akupe umri mrefu na wajukuu wengi, na siku utakayoita, asikosekane wa kukuitikia. Amina.