Wanaume wa Koyama Katika Karatasi ya Serikali

Karatasi ilibandikwa ukutani pa ofisi ya mkuu wa wilaya, hapo Kismayu, Jumatano asubuhi. Kabla ya adhuhuri posa yangu ilikuwa imeshavunjwa. Hivyo hasa, sitii chumvi. Wengine huvunjiwa posa kwa sababu ya ugomvi, au mchumba kafumwa kwa mwingine. Mimi nilivunjiwa na hesabu.

Zilikuwa zama za Wataliana, ile miaka yao ya mwisho waliposema wanatutayarisha tujitawale, na basi ikawa kila siku wanahesabu kitu. Walihesabu visima. Walihesabu ng'ombe. Walihesabu wagonjwa wa macho. Halafu wakahesabu watu wa nchi nzima nyumba kwa nyumba, nani kaoa, nani kaolewa, nani yuko peke yake na kwa nini. Karatasi ile ndiyo ilikuwa majibu: majina ya miji na visiwa yamepangwa kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila jina namba. Namba zenyewe msiniulize, nimezisahau, na mimi si mtu wa kubuni. Nakumbuka nani alikuwa juu na nani chini, kwa sababu hilo ndilo lililoniunguza.

Nyumba yetu ilitazamana na ofisi hiyo. Chini duka la nguo la baba, juu tunakaa sisi, na dirisha la juu lilikuwa na ubao uliopasuka ambao kwangu ulikuwa bora kuliko redio. Nikamwona karani katoka na kikombe chake cha kahawa. Watu wakamzunguka, kwa kuwa karatasi iliandikwa Kitaliana, na yeye akaanza kuwatafsiria huku akivuta maneno apate kusikilizwa.

"Wanawake waliotupwa na waume zao," akasema. "Wa kwanza nchi nzima, Koyama."

Lo! Koyama! Nilibana jicho kwenye ule ufa hadi likatoka machozi. Kisiwa hicho cha Koyama ndiko nilikokuwa nikiolewa, baada ya Maulidi, na nguo zangu zilishashonwa.

"Na Kismayu?" mtu akauliza.

"Kismayu mjini," karani akasema, akashusha kidole polepole hadi chini ya karatasi, "wa mwisho."

Weee! Ungesikia kelele! Watu wazima wakapeana mikono kana kwamba wameshinda mashindano ya ngalawa. Kisha kila mmoja akawa mjuzi. Muuza kahawa akasema ni chumvi ya bahari, inakausha mapenzi. Mchuuzi mmoja wa Kisomali, rafiki ya baba, akasema hapana, wallahi, ni kula samaki kila siku, mtu asiyekunywa maziwa hatulii nyumbani. Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema ni uchache wa dini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hesabu ile ilihesabiwa vipi. Na baba yangu, baba yangu mwenyewe, kasimama mlangoni pa duka, mkono kidevuni, akisikiliza yote hayo kwa makini.

Alipopanda juu nilikuwa nimeshakaa chini nikijifanya ninachambua mchele na shangazi. Shangazi huyu ni dada mkubwa wa baba, na aliishi kwetu tangu mimi sijazaliwa. Mumewe, tulivyoambiwa, yuko safarini Unguja. Ilikuwa safari ndefu, lakini kwetu hakuna aliyekuwa akiiulizia.

"Posa ya Koyama nairudisha," baba akasema. "Binti yangu simpeleki kisiwa cha wake waliotupwa."

"Baba!"

"Nimekata kauli. Serikali imewahesabu wote, wala haina chuki na mtu. Wanaume wa kule huoa wakaondoka. Imeandikwa."

Mchumba wangu nilikuwa nimemwona mara tatu tu, lakini zilitosha. Siku walipoleta posa yeye ndiye aliyebeba sinia la halua, akateleza kwenye ngazi yetu, halua ikamwagika kwenye kanzu yake mpya, na kabla hatujajua tucheke au tulie akacheka yeye. Mwanamume anayejicheka mwenyewe mbele ya wakwe zake, unamwacha? Kwa sababu ya karatasi? Nikamwambia baba kwamba karatasi haikumtaja mchumba wangu, imetaja kisiwa, na mimi siolewi na kisiwa. Baba akasema nina mdomo. Kweli ninao, hata leo.

Shangazi alichambua mchele ule ule mara mbili.

Sikulala vizuri, nikaamka na shari. Nilijua mama yake mchumba wangu huja Kismayu kila Alhamisi kuuza mikeka na samaki wakavu, na kukaa kwake ni karibu na duka la chumvi sokoni. Kwetu mwari aliyeposwa hamwendei mkwe wake hadharani. Anamwonea haya, akimwona njia hii anapita njia ile. Mimi nilitupa shela kichwani nikaenda mbio mchana kweupe, watu wananitazama, nami namwambia kila anayenitazama kimoyomoyo: tazama vizuri, usisahau kitu.

Bibi yule aliponiona akafunika uso kwa upande wa mkeka. "Ebo! We mchoto, huna haya?"

"Sina, mama, zimeniisha jana." Nikamweleza yote, pale pale, nimechuchumaa kati ya samaki. Karatasi, karani, Koyama juu kabisa, posa kurudishwa.

Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akaniuliza swali moja ambalo baraza zima la wanaume halikuliuliza. "Walituhesabu lini?"

"Nitajuaje?"

"Mimi najua! Walikuja kaskazi, bahari shwari. Wachu wetu wote walikuwa dagoni!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akajipangusa machozi kwa kanga. Mimi sikuona cha kuchekesha, nikamvuta mkono anieleze.

Visiwani mtoto ni mchoto na watu ni wachu; na dago, kwa asiyejua, ni kambi ya uvuvi. Bahari ikitulia, wanaume wa kisiwani hupakia maji, unga na nyavu, wakaenda kulala wiki nyingi mbali na kwao, kwenye visiwa vidogo na fukwe zisizo na watu, wavue na kukausha samaki hukohuko. Kisiwani hubaki wanawake, watoto, na wazee wasiojiweza. Siku hizo ukitembea Koyama utadhani wanaume wamefutwa. Wakirudi, ni ngoma na pilau.

"Basi karani wao wa hesabu akashuka na mwavuli wake," bibi akasema, "akapita nyumba hadi nyumba. Mumeo kalala hapa jana? Hakulala. Yuko wapi? Tukanyamaza."

"Mlinyamaza kwa nini, mama?"

Akanitazama kwa huruma, mtoto wa mjini asiyejua kitu. "Mchu akiwa dagoni hatajwi aliko. Ukimtajia mgeni unamharibia riziki yake. Hata watoto wanalijua hilo. Nilimpa karani maji, nikampa na dafu. Lakini mume wangu yuko wapi, hilo hakulipata kwangu, wala kwa jirani, wala kwa mwanamke yeyote wa kisiwa kile."

"Na yeye akaandika nini?"

"Mwanangu, aliandika sana. Nikafikiri anasifu dafu."

Yarabi, furaha niliyoipata! Niliruka nikakanyaga samaki wake wawili. Nilimbusu mikono yote miwili, na yeye akanifukuza huku akicheka, nenda nyumbani, utaniletea fedheha. Nilirudi mbio nikiwa nimeshika shela kwa meno. Kisiwa kizima cha wanawake wenye waume, waume wapo, wanavua samaki, wanakumbukwa kwa kunyamaziwa, na huku mjini wameandikwa wametupwa! Nilitaka kumwamsha mkuu wa wilaya mwenyewe nimwambie.

Nikamkuta baba anakula, shangazi anampakulia mchuzi. Nilisema yote kwa pumzi moja. Dago, kaskazi, mwavuli, dafu, kunyamaza. Nilipomaliza baba akanawa mikono taratibu.

"Visingizio," akasema. "Kila aliyeaibishwa na hesabu ana sababu zake. Mbona sisi Kismayu hatuna visingizio? Sisi tuko mwisho kwa sababu huku watu wana heshima. Mwanamume wa mjini hamtupi mkewe."

Hapo ndipo uvumilivu uliponitoka. Nilishampa jibu zuri kabisa, lina mwezi wake na ushahidi wake, na yeye ananiambia heshima! Na neno likanitoka kabla sijalishika.

"Na shangazi je?"

Kijiko cha mchuzi kikabaki hewani mkononi mwa shangazi. Ningeweza kulimeza neno lile ningelimeza, maana yule ndiye aliyenilea, alinisuka nywele, alinifundisha kusali, na mimi nimemtoa nje kama ushahidi sokoni. Nilianza kulia.

Shangazi akakirudisha kijiko bakulini. Hakunikasirikia. Akamgeukia baba.

"Siku karani alipokuja hapa mlangoni," akasema, "nani alimjibu?"

"Mimi," baba akasema. "Ndimi mwenye nyumba."

"Ukamwambia nini juu yangu?"

Baba akatazama sahani. "Nilimwambia ni dada yangu. Kaolewa. Mumewe yuko safarini."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia."

"Nilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu tu. Ukanisikia nakohoa. Hukuniita." Sauti yake haikupanda. Ya kwangu ndiyo ingepanda. "Mtu yule aliondoka kabla huyu binti hajazaliwa. Hakuleta barua, hakuleta talaka, hakumpa baharia hata mmoja salamu zangu. Karatasi yenu inatafuta wanawake waliotupwa, mimi ni mmoja wao. Na nyumba ya tatu kutoka hapa yuko mwingine, na nyuma ya msikiti wako wawili, wote nawajua, wote walikuwa nyuma ya pazia na kaka zao mlangoni wakijibu. Mkajumlisha mkawa wa mwisho, mkapeana mikono. Niliwaona. Hata mimi nachungulia kwenye ule ubao."

Baba akaisukuma sahani kando. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo. Alimlisha dada yake miaka yote na hakuwahi kumsimanga. Alichokuwa akificha alidhani anamfichia yeye.

Mwishowe akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Dada, mumeo yuko wapi?"

"Sijui," shangazi akasema.

Niliwatazama wawili wale, watu wazima waliokula sinia moja maisha yangu yote, nikaelewa kwamba swali hilo shangazi alikuwa hajawahi kuulizwa. Baba akajipangusa macho kwa kona ya shuka, akainuka.

"Mama wa Koyama bado yuko sokoni?" akaniuliza.

"Yupo, baba! Yuko karibu na duka la chumvi! Hajamaliza mikeka!"

"Nakwenda kumleta mwenyewe. Nitamwomba radhi, na ale kwetu. Tutapanga upya siku." Akaanza kutafuta ndara zake, moja aliipata, nyingine ilikuwa chini ya kitanda.

Nilitaka kupiga kigelegele, kilishafika kooni, kisha nikamwona shangazi nikakirudisha. Nilikuwa na furaha hadi nikaona haya, maana nilijua nimeipata kwa gharama ya nani. Nikamwendea nikamshika miguu, nikamwambia anisamehe.

"Nikusamehe nini, mwanangu?" akasema. Alikuwa akitabasamu, na mashavu yamemwiva kama msichana. Alinipita akamfuata baba hadi kwenye ngazi. "Ukishamaliza ya Koyama, upite kwa kadhi. Mwambie dada yako anakuja kwake kudai haki yake. Aniulize mimi mwenyewe mume wangu yuko wapi, nami nitamjibu vilevile, na aniachishe."

Baba akageuka, ndara moja mguuni, nyingine mkononi. "Leo hii?"

"Leo hii," shangazi akasema, akaenda kutafuta buibui lake.