Umri wa Moyo wa Mama

Kitambulisho cha mama kinasema alizaliwa siku ya Mwaka Mpya, kama nusu ya wanawake wa rika lake kanisani kwetu. Hakukuwa na cheti, kwa hiyo chifu wa kwao Ukambani alimtazama kwa jicho moja, akamkadiria mwaka, na siku akajaza hiyo hiyo ya wote. Kwa kadirio hilo, mama alizaliwa miezi michache baada ya baba yake kufa. Hana hata picha yake. Tangu utotoni mwangu namsikia akijiuliza kama baba huyo aliwahi kumbeba.

Kliniki moja hapa Kayole ilipotangaza kwamba imepata kompyuta yenye akili unde, inayosoma mistari ya mapigo ya moyo na kukisia umri wa moyo wenyewe, mama alivaa gauni lake la Jumapili siku ya Jumanne. Njiani nilimweleza kwamba kompyuta hiyo haiwezi kumwambia alizaliwa lini. Alinijibu kwamba nimesoma kupita kiasi.

Wakambandika nyaya kifuani. Karatasi ikatoka na vilima vyake vidogo vidogo, kompyuta ikaisoma. Kitambulisho kilimpa miaka sitini na minne. Kompyuta ilimpa moyo wa miaka sabini na mmoja.

"Sabini na mmoja!" Mama alipiga makofi. "Basi alinibeba! Alinibeba mpaka nikawa mkubwa."

"Shosho, huo si umri wa kuzaliwa," daktari akasema, kijana mpole. "Presha ndiyo imeuchosha moyo. Meza dawa hizi kila siku. Tukikupima tena, huenda umri ukashuka."

Mtu mwingine angefurahi. Mama aliitia pakiti mkobani, na baada ya wiki nzima nilikuta haijafunguliwa. Nikafoka. Mimi ni mwepesi wa kufoka, na nikiogopa ndipo huzidi. Nilimwambia ukaidi wake utaniacha yatima. Alikuwa akichambua ndengu kwenye sinia, wala hakuinua kichwa.

"Wataushusha," akasema. "Na wakiushusha, mwanangu, atakuwa tena amekufa kabla sijazaliwa."

Hasira ikaniisha. Niliketi karibu naye, nikamtamani babu huyo nisiyemjua kuliko nilivyowahi kumtamani mtu yeyote. Nilitaka aje hata kwa dakika moja, amshike mtoto wake, halafu aende zake. Nikaleta kidonge na kikombe cha maji.

"Mama, alishakubeba. Hizi dawa hazimwambii akuweke chini."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika ya lolote.

"Nina hakika."

Akameza. Kisha akaniuliza kama nadhani alikuwa mtoto mzito kubeba.