Anatazama Angani kwa Kazi, Jua Linamla Macho

Saa tisa alasiri, jua limeshainamia magharibi na Paskazia Ndaki analizunguka gari kwa mara nyingine. Anatazama kitambaa kilichofungwa kwenye ufito kupima upepo, anatazama juu, anageuka, anazunguka tena. Upepo unatoka mashariki. Maana yake ndege yake itakuja kutua ikitokea magharibi, kwenye jua lenyewe.

"Theonest, bado unaiona?" anamuuliza mwenzake wa kazi.

"Naiona, Mama Noela. Iko juu ya mnara wa simu."

"Usiiachie."

"Siiachii."

Si ndege ya abiria. Ni droni yenye mabawa ya sponji ngumu, ndefu kuliko mikono ya mtu aliyeinyoosha, na hurushwa kwa mkono kama mkuki. Inapiga picha za machimbo madogo ya dhahabu hapa Segese, Msalala, mkoani Shinyanga, ili ichorwe ramani ya maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yakiwemo yale yaliyoachwa wazi karibu na nyumba za watu. Kazi ya juu ikiisha, Paskazia huzima mota na kuiacha ielee kwenye upepo kama mwewe hadi iguse nyasi.

Leo asubuhi walizuiwa na mchimbaji wa jirani aliyekuwa akilipua mwamba kwa baruti. Ndiyo maana wanarusha saa hii asiyoipenda.

Ndege inashuka, inayumba kidogo, inalala kwenye majani makavu. Theonest anapiga makofi. Paskazia hapigi. Anakwenda kwenye kioo cha pembeni cha gari, anavua miwani, anavuta kope la jicho la kulia na kujikagua.

"Nimekuwa mtu wa vioo," anasema. "Kila nikiishusha, nakuja kutazama kama kimerudi."

Anachokitafuta ni kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho. Kilianza kama kidoa cha njano upande wa pua, kikavimba, kikawa na mishipa myekundu, kikaanza kutambaa kuelekea kwenye mboni.

Paskazia ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Buseresere, wilayani Chato, kwa mkulima wa pamba, Mama Mbuke, ambaye hadi leo haielewi kazi ya binti yake. "Mayo, mama yangu, huniuliza, hii ni kazi gani ya kuinua kichwa kama kuku anayekunywa maji," anasimulia, na kwa mara ya kwanza anacheka.

Alisomea upimaji wa ardhi. Miaka sita iliyopita kampuni ndogo ya ramani ilimfundisha kurusha droni, na tangu hapo maisha yake yamekuwa ya kusimama uwanjani. Kanuni ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba ndege isipotee machoni. Kwa hiyo hutazama juu, halafu huinama kutazama kishikwambi, halafu juu tena, jua likiwaka, chini kukiwa na mchanga mweupe wa mawe yaliyosagwa unaorudisha mwanga usoni.

"Jua la huku linakupiga mara mbili," anasema Theonest. "Linatoka juu, linatoka chini."

Wakati ule hakuna aliyemwambia habari ya kinga. Alivaa kofia ya chepeo iliyoacha masikio na shingo wazi. Akijipaka mafuta ya kawaida, vumbi linanata. Macho yakiwasha, anayapangusa kwa kanga na kuendelea.

Kisha ikaja alasiri moja ya kiangazi cha mwaka jana.

Ndege ilikuwa inarudi, upepo wa mashariki kama leo. Paskazia alikuwa amenunua miwani myeusi pale stendi ya Kahama, ile wanayoipenda madereva kwa kuwa inaua mng'aro wa barabara. Lakini kila alipokiinamia kishikwambi, kioo chake kilionekana cheusi tii. Akaivua miwani. Akainua uso. Jua likamjaa macho, machozi yakatoka, akafumba.

"Nilipofumbua, ndege haikuwepo. Nilisikia sauti tu. Unajua sponji inavyokata upepo? Fyuuu. Nikaanza kukimbia bila kujua nakimbilia wapi."

Ndege ilipita chini ya pale ilipotakiwa, ikaelekea kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, mahali ambapo wanawake hukaa wakivunja mawe kwa nyundo na kulipwa kwa ndoo. Ilichana turubai la kivuli chao na kujipigiza kwenye rundo la mawe, hatua chache kutoka kwa Ghati, mama mwenye asili ya Tarime, aliyekuwa na mtoto mgongoni.

Watu walimzunguka Paskazia. Kuna aliyetaka ndege ichomwe moto. Kuna aliyetaka yeye apelekwe polisi. Mtoto alikuwa analia, lakini hakuwa na hata mkwaruzo.

Ghati aliwasukuma watu, akasimama mbele yake.

"Wewe dada, hukutuona?"

"Sikuwaona, mama. Nisamehe."

"Mchana wote huu?" Ghati alimshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Hasira ikamtoka kidogo kidogo. "Jicho lako lina nyama. Mbona unatembea na jicho kama hili? Nenda katibiwe. Ukishapona ndiyo uje uniombe msamaha."

Siku iliyofuata Paskazia alikuwa kwa daktari wa macho, Kahama.

Daktari huyo, aliyeomba jina lake lisitajwe kwa kuwa si msemaji wa hospitali, anasema wagonjwa wa namna hiyo anawaona kila wiki: wakulima, wachunga ng'ombe, bodaboda, wachimbaji. "Mwanga wa jua una mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Inachoma ngozi, na inaliumiza jicho polepole. Ongeza vumbi na upepo, kinyama kinaota. Kikifika kwenye mboni, mtu anaanza kupoteza kuona."

Alimwambia Paskazia kwamba kinyama kinaweza kukatwa. Akamwambia pia kwamba akirudi juani kama alivyokuwa, kitaota tena, pengine kwa kasi zaidi.

Mwajiri wake alimpa kazi ya ndani, Shinyanga mjini, ya kuunganisha picha kwenye kompyuta. Hakumaliza mwezi. Alikuwa akiinuka kwenye kiti kila dakika, anakwenda dirishani, anatazama mawingu, anarudi. Anayeirusha ndege sasa ni nani? Anaangalia upepo? "Nilikuwa naota ndege inaanguka," anasema. "Nikamwambia bosi, nirudishe, lakini safari hii nirudi nimejifunika."

Kujifunika hakukuwa rahisi kama anavyosema. Alijaribu pama la mkulima, lenye ukingo mpana. Upepo ulilichukua, na lilipotulia kichwani lilimziba anga, hivyo akawa anaisikia ndege bila kuiona.

Aliyemsaidia ni Agnetha, fundi cherehani wa sokoni Segese, mwenye ualbino, ambaye hujishonea kofia mwenyewe. Alimkatia kofia ya kitambaa laini, ukingo mfupi unaonyanyuka akiinua uso, na pazia la kufunika masikio na shingo. Akamfundisha kupaka mafuta ya kukinga jua kabla ya kutoka, na kuyarudia mchana, bila kusahau midomo.

"Nilimwambia, mimi na jua tumezaliwa na ugomvi," anasema Agnetha huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Wewe umeutafuta mwenyewe."

Miwani akabadilisha: ya kahawia, inayokumbatia uso hadi pembeni, yenye kinga ya mionzi, lakini isiyokitia giza kishikwambi. Theonest akatengeneza kasha la kukitilia kivuli. Wakakubaliana pia kupokezana: mmoja akiwa na anga, mwingine yuko kwenye kishikwambi, wote chini ya mwavuli. Na ikiwezekana, ndege itue asubuhi, jua likiwa mgongoni.

Alifanyiwa upasuaji jicho la kulia baada ya mavuno. Linaona vizuri, ingawa bado huwa jekundu jioni. Jicho la kushoto nalo limeanza kidoa. Daktari amemtaka awe na subira, neno asilolipenda.

"Subira ya nini? Jua halisubiri."

Hata hivyo, kinachomnyima usingizi wiki hii si jicho lake.

Alipopona alikwenda karashani kuomba msamaha kama alivyoagizwa. Ghati aliupokea, akamkaribisha kwenye kigoda. Walipokuwa wakizungumza, Paskazia alimtazama usoni kwa makini. Macho yote mawili ya Ghati yalikuwa na kinyama. La kushoto lilikuwa limegusa mboni.

"Yeye ndiye aliyeliona langu," anasema. "Lake hataki lionwe."

Paskazia amemshawishi daktari aje Segese Jumamosi hii kuwapima wanawake wa karashani, na amekuwa akizunguka kutoka rundo hadi rundo la mawe akiwaalika kwa majina. Wengi wamekubali. Ghati hajakubali.

Tunamkuta amejifunga kitambaa puani, nyundo mkononi. Anapoangalia wageni, anageuza kichwa pembeni kidogo, kama anayechungulia mlangoni.

"Nikienda kupimwa, nani atajaza ndoo yangu?" anauliza. "Na wakiniambia nisirudi juani, nitakwenda wapi? Mwenzangu ana kofia, ana mwavuli. Sisi turubai lenyewe tumelishona."

Paskazia anajibu yale anayoyaweza. Turubai jipya ameshamwomba mwajiri wake. Anasubiri aambiwe ndiyo au hapana. Kofia, Agnetha ameanza kukata vitambaa. Kuhusu ndoo, ameshaamua.

"Jumamosi sirushi ndege," anasema, akifunga mabawa garini kwa kamba. "Nitakuwa karashani saa moja asubuhi. Nitachukua nyundo, nikae naye, tugonge wote mpaka ndoo yake ijae. Halafu nitamshika mkono, twende kwa daktari."