Fundi Isakwisa na hewa isiyotaka kutoka

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya Mbalizi, na fundi Isakwisa Mwaisumo amesimama ubavuni mwa gari, hajui aende mbele au nyuma.

Anaanza na mbele. Anaweka kiganja kwenye rejeta, ile inayopoza maji. Ni ya baridi kabisa. Anakimbilia nyuma, maana gari hili injini yake iko mgongoni mwa dereva. Anagusa, anaurudisha mkono haraka na kuupuliza.

"Umeona?" anamwuliza mwandishi. "Huku inachemka, kule baridi. Na maji ni hayo hayo. Sasa hapo mimi nielewe nini?"

Mwandishi, ambaye ufundi wake unaishia kwenye kufungua mlango, anatikisa kichwa kana kwamba na yeye amekuwa akiliwazia jambo hilo tangu jana.

Gari lenyewe ni la spoti, la milango miwili, rangi ya chungwa, la mwaka 1975. Limekaa chini sana. Mbuzi wa jirani anachungulia ndani bila kuinua shingo. Ni mali ya Mzee Mujtaba, muuza vitambaa wa Mbeya mjini mwenye miaka 76, aliyelinunua ujanani pamoja na dada yake, Taslim. Dada ndiye aliyekuwa dereva hodari kati yao, na kaka mtu anakiri hilo bila kulazimishwa.

Leo Taslim anaishi Iringa na macho yanamwisha kwa kisukari. La kushoto limeshazima. La kulia, daktari hakuahidi kitu zaidi ya wiki chache. Alipoulizwa anataka aone nini, hakutaja Makka wala wajukuu walioko ng'ambo. Alisema anataka kuliona gari.

"Kaniambia, Mujtaba, niletee gari yetu niione," anasimulia mzee huyo. "Nikasema Jumamosi. Nilisema tu, fundi hata sijamwuliza."

Leo ni Jumatano.

Isakwisa ana miaka 57, na kwa miaka 34 ametengeneza malori yanayopita Mbalizi kwenda Zambia. Siku nzuri anaondoka na shilingi elfu arobaini, siku mbaya anaondoka na mafuta kwenye kucha. Kwa malori hana wasiwasi. Hili la spoti lilikuwa limelala miaka minne, akamwaga maji yenye kutu, akasafisha rejeta, akajaza maji mapya. Tangu hapo ndani kumebaki hewa, na hewa ikikaa kwenye bomba maji hayapiti.

Mafundi wa huku wana njia yao ya kuitoa. Gari linasukumwa kwenye mwinuko, pua juu, mfuniko wa rejeta unafunguliwa, injini inaunguruma, na hewa inapanda yenyewe ikatoka. Miinuko ipo kila kona, nani ahangaike na jeki?

Ila gari hili mfuniko wake wa maji uko nyuma. Isakwisa alilipandisha pua juu, kwa mazoea, akasubiri hewa itoke mahali ambapo hapana mfuniko. Akaligeuza, mkia juu. Yakatoka maji, hewa ikabaki. Akaligeuza tena. Hadi jana jioni alikuwa ameligeuza mara saba, na madereva wa bodaboda wa hapo nje walishaanza kubishana itakuwa mara ya ngapi.

"Juzi nilimwita kula mara tatu," anasema mkewe, Marta, mkulima wa viazi. "Alipokuja, akashika sahani huku akiniuliza, hivi mbele ni wapi? Nikaogopa, jamani."

Na yeye Isakwisa anaogopa, na halifichi. Likichemka tena kwa nguvu, kichwa cha injini kitapinda, na kingine hakipatikani Mbeya wala Dar es Salaam. "Mimi nitakuwa nimemnyima yule bibi kitu chake cha mwisho," anasema. "Nitaiweka wapi sura yangu?"

Saa nne spana inamponyoka na kuingia chini ya dashibodi. Isakwisa analala chali kwenye sakafu ya gari, miguu nje, anapapasa. Halafu anatulia.

"Njooni muone," anasema.

Ni mpira wa maji unaokwenda kwenye hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari. Umekunjwa, umezibwa kwa bolti, na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kuziba hita ni jambo la kawaida kwa mafundi wa barabara hii. Mpira ukivuja, unaziba, maisha yanaendelea. Dereva anayeteremka Chimala kwenye joto la mabonde ya mpunga, joto la hita la nini tena?

Kumbe kwenye gari hili hita ndiyo sehemu ya juu kuliko zote katika njia ya maji. Hewa yote inapanda humo, inakuta mlango umefungwa, na injini ikipata moto inarudi bombani kuyakatia maji njia.

"Mshenzi gani kaziba hapa?" anauliza mmoja wa bodaboda.

Isakwisa anaangalia tyubu ile. Imezungushwa mara tatu na ncha imepitishwa chini kwa chini. Hakuna fundi mwingine Mbalizi anayefunga hivyo.

"Ni mimi," anasema.

Mzee Mujtaba anapofika kwa bajaji, fundi anamsubiri akiwa amesimama, kofia mkononi. "Mzee, aliyekuharibia gari ni mimi. Niliziba hita."

"Lini?"

"Ndiyo sijui."

Mzee anakuna kidevu. "Maji ya moto yalikuwa yananimwagikia kiatuni. Nadhani mimi ndiye niliyekwambia uzibe, fundi."

"Uliniambia?"

"Au ulisema wewe, mimi nikakubali."

Hakuna anayekumbuka, na hakuna anayetaka kumsukumia mwenzake. Mwandishi ameona ndugu wakigombana kwa makosa madogo kuliko haya, na anakiri kwamba hapo moyo wake ulilainika.

Bolti inatolewa, mpira mpya unafungwa, hita inafunguliwa hadi mwisho. Safari hii gari linaachwa kwenye tambarare. Isakwisa anamimina maji polepole nyuma, anakuja mbele kulegeza skrubu ndogo juu ya rejeta. Inafyonya. Inatema povu la kahawia. Inafyonya tena, kisha maji yanatoka mfululizo, na anaikaza.

Anaweka kiganja kwenye rejeta na kufumba macho.

"Ya moto!" anapiga kelele kumwita mkewe. "Mama Jofrey, njoo ushike, ya moto!" Marta anashika. Mzee anashika. Bodaboda wanapanga foleni kushika. Dakika arobaini baadaye mshale wa joto bado umesimama katikati.

Furaha haijamwondolea fundi mawazo. "Sasa kama niliziba miaka yote hiyo, mbona ilikuwa inatembea?" anauliza. "Labda mwaka ule sikumwaga maji. Au nilimwaga? Kichwa kinaniuma, mwandishi, andika tu kwamba imepona."

Jumamosi watatoka saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Mujtaba kwenye usukani, fundi pembeni na madumu mawili ya maji miguuni. Hita itafunguliwa yote, hata Chimala. "Tutachemka sisi, injini isichemke," anasema Isakwisa.

Jambo moja limebaki, na analisema taratibu huku akifuta mikono. Jana Taslim alipiga simu akasema asubuhi ile alishindwa kuona vidole vyake mwenyewe.

"Kwa hiyo nimemwambia mzee, tukifika getini asizime injini," anasema. "Tumtoe bibi nje, tumkalishe kwenye usukani, akanyage mafuta mwenyewe. Kama macho yamegoma, basi aisikie."