Injini Iliyonguruma Siku ya Kilio

Mwaka ule ndio tuliorudi kula wali wetu wenyewe. Mwaka wa nyuma yake tulikula mahindi ya manjano ya msaada, yale yanayonuka gunia hata ukiyachemsha kutwa, na kabla ya hayo, maji ya Elnino yakiwa bado yamelala juu ya mashamba, tulikula kambare asubuhi na kambare jioni mpaka watoto wakawa wanalia wakiona sufuria inatelekwa. Sasa mchele ulikuwa umerudi. Mchele mpya, ukiupika jirani anajua. Ukisema mwaka wa wali, mtu yeyote wa rika langu hapa kwetu, chini kidogo ya Garsen, anajua unasema mwaka gani.

Na mwaka huo wa kushiba ndio nilioogopa kuliko mwaka wa maji. Maji nilikuwa nikiyaona. Yakipanda, napanda. Hiki cha pili nilichokiogopa sikukiona kilipo.

Mto ulipotoka mashambani ulitoka na mipaka yetu. Vigingi, mitaro, migomba ya kutenganisha huyu na yule, vyote vilikuwa chini ya matope, na juu ya matope tambarare kama mkeka. Barazani tukaambiwa: asiye na njia ya kuonyesha shamba lake lilikuwa wapi, asubiri, ardhi itagawanywa upya. Mimi najua kugawanywa upya maana yake nini. Mwenye viatu anagawiwa penye rutuba, mjane anagawiwa penye mchanga. Shamba langu liko pale mto unapopinda, udongo mweusi, ukidondosha mbegu kwa bahati mbaya inaota. Nimelilima tangu nilipoolewa. Wanangu wote wamekula humo. Kitu kingine sina, na sikutaka kuwa nacho.

Shahidi alikuwa mmoja tu, nazo ni picha. Kabla ya mafuriko walikuja watu wa mradi waliotaka kuchimba mifereji ya mpunga, wakapita na ndege wakapiga picha mashamba yote kutoka juu. Hizo picha ziliwekwa ndani ya sanduku la mashine kwenye ofisi ya mradi huko Garsen, na mjukuu wangu, msichana aliyesomea mambo hayo Mombasa, ndiye aliyekuwa akitunza mashine za ofisi hiyo. Siku moja sanduku likakataa kuamka. Wakubwa wake wakasema lipelekwe Nairobi. Yeye akawaambia barabara imekatika, na hata likienda, baraza la mashamba litakuwa limeshapita. Wakamwambia basi fanya unavyojua, likiharibika ni juu yako.

Akalileta kwangu limefungwa ndani ya kanga.

Nililitazama. Kijivu, dogo, unaweza kulibeba kwapani. Halina kioo, halina vitufe vya kuandikia, lina kitaa kimoja tu mbele kama jicho la panya.

"Sasa hili utasema nalo vipi?" nikamuuliza. "Halina hata mdomo."

"Kwa mgongoni, nyanya." Akaligeuza, akanionyesha kitundu chenye vipini vidogo vidogo. "Nachomeka waya hapa, upande wa pili naingiza kwenye kompyuta yangu. Likisema kitu naona maandishi. Nikiandika, linasikia."

"Kumbe ni kama babu yako. Naye alikuwa hasikii mpaka umkune mgongo."

"Haya, mke mwenzangu, utanifundisha." Sisi tulitaniana hivyo tangu alipokuwa mchanga, kwa vile mume wangu alikuwa akimwita mke wake mdogo.

Akanieleza kwamba akili ya lile sanduku imeoza. Picha zimo kwenye sahani za ndani, salama kabisa, ila mashine nyingine pale ofisini haijui kuzisoma. Anataka kulitia akili mpya, jina lake Linux, na hiyo hainunuliwi, watu wameitengeneza wakaitoa bure.

"Watu gani?"

"Watu tu, nyanya. Wa kila mahali."

"Hata yale mahindi ya manjano yalitoka kwa watu wa kila mahali."

Alicheka, halafu akaacha. Akaniambia lililobaki polepole, kama daktari. Ndani ya sanduku mna kijiprogramu kidogo ambacho ndicho cha kwanza kuamka, kisha kinawaamsha wengine. "Kama wewe humu nyumbani. Usipoamka wewe, hakuna moto, hakuna chai, sote tumelala." Cha lile sanduku kilikuwa cha kizamani na kikaidi, hakikubali kuamsha mgeni. Ilibidi akifute, aandike kingine mahali pake, kidogo kidogo, kupitia ule waya mwembamba.

"Ukishakifuta cha zamani na kipya hakijafika," nikasema, "anayeamsha ni nani?"

"Hakuna."

"Na umeme ukikatika hapo?"

Akaanza kukunjakunja ile kanga.

Umeme wa kijiji kizima ulikuwa mmoja, injini ya dizeli ya mashine ya kusaga mahindi, iliyofungwa na kidinamo pembeni. Mwenye mashine hiyo alikuwa mpwa wa marehemu mume wangu. Jenereta ya ofisi ilishaingia maji, na kompyuta ya mjukuu wangu betri yake ilikuwa imechoka, ukichomoa waya inazimika papo hapo. Nikaenda kwa huyo mpwa. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mama yake, yaani wifi yangu, aliyekuwa mgonjwa siku nyingi. Hakuwa akisaga siku hizo, anamuuguza. Akanikubalia bila maneno mengi. Akaja kuniwashia, akamwaga dizeli, akasema, "Mkaza mjomba, usiguse chochote. Mimi niko kwa mama." Wifi yangu mwenyewe nilikuwa nimemwona asubuhi hiyo. Alinishika kidole akaniuliza kama ndege wameshaanza kushuka kwenye mpunga. Tuliwinga ndege pamoja miaka na miaka, yeye juu ya ulingo wake wa miti na mimi juu ya wangu, tukitukanana kutoka huku na huku ili tusisinzie.

Mjukuu wangu akapanga vitu vyake juu ya magunia matupu, ndani ya kibanda cha injini, maana waya haukufika mbali. Akaliwasha sanduku. Kwenye kioo cha kompyuta yake maandishi yakaanza kushuka kama mvua ya manyunyu, na yeye akagonga kitufe haraka kama anayeua mbu. Yakasimama.

"Nimemkamata yule mwamshaji wa zamani kabla hajainuka," akasema. "Nikichelewa kidogo ananipita."

Akaandika, akangoja, akaandika. Mimi nilikaa mlangoni nikitazama barabara. Kisha nikamsikia anavuta pumzi.

"Nyanya, nimekifuta."

"Na kipya?"

"Kinaingia."

Kwenye kioo vidoto vilikuwa vikijipanga, kimoja, kingine, kingine, polepole mno. Nilitamani kuvisukuma kwa kidole. Injini inanguruma, sakafu inatetema.

Hapo ndipo kilio kilipopigwa.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mmoja, kisha wengine wakaipokea, ikitoka upande wa nyumba ya wifi yangu. Sikuhitaji kuambiwa. Kwetu kilio kikilia, mchi unalazwa chini. Hakuna kutwanga, hakuna kusaga, redio inafungwa, na mashine inanyamaza mpaka maiti atoke. Nimelaza mchi wangu kwa watu ambao hata sikuwapenda. Nilitazama kinu cha mbao kilichokuwa nyuma ya nyumba ya jirani, na tayari mchi ulikuwa umelazwa. Kijiji kizima kilinyamaza, kikabaki kishindo kimoja tu, chetu.

"Nyanya," mjukuu wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Bado. Bado sana."

Nikamwona mpwa anakuja. Miguu mitupu, shati halijafungwa vifungo. Hakuwa anakimbia. Angekimbia nisingeogopa hivyo. Alikuja anatembea akiwa ameikazia macho injini, kama mtu anayemwendea mbwa aliyeuma mtoto wake.

Nikasimama mlangoni nikashika miimo yote miwili.

"Mama amekufa," akasema.

"Nimesikia, mwanangu. Pole. Pole sana."

"Nipishe nizime."

"Subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Mama yangu yuko pale bado ana joto, na injini yangu mwenyewe inampigia kelele! Watu wananitazama. Wananiuliza, wewe ni mtoto wa namna gani?" Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa umelowa, sijui jasho, sijui maji ya kumwosha mama. "Mkaza mjomba, usinilazimishe nikusukume."

Niliogopa. Niseme kweli, nilimwogopa yeye, niliwaogopa watu waliokuwa wameanza kusimama mbali njiani, na zaidi ya wote nilimwogopa wifi yangu. Nilihisi yuko nyuma ya shingo yangu, ameinama, anauliza, ni wewe? Ni wewe kweli unayenifanyia hivi? Ningempisha, na kesho yake ningekuwa mtu mzuri asiye na shamba.

Nikamwambia, "Injini haizimwi. Nizimeni mimi kwanza."

Alinitazama kama hajanijua. Mtu mmoja kule njiani akapaza sauti, "Kizee kimerogwa na mashine!" Mwingine, mwanamke, "Mwache, atakufa yeye tuone nani atamnyamazia!" Niliwasikia wote. Sikugeuza kichwa.

Halafu injini ikakohoa.

Mimi sijui injini, lakini najua kukohoa. Ikapoteza pumzi, ikashika tena, ikapoteza. Nyuma yangu mjukuu wangu alipiga kite, na kitaa cha sanduku kikafifia kikarudi. "Dizeli!" akasema. "Nyanya, inakwisha dizeli!" Mtungi ulikuwa pale pembeni, na mimi sikujua unamwagwa wapi, na aliyejua alikuwa mbele yangu, mama yake amekufa, na lililobaki kwake ni kusimama tu. Hata mkono asinyanyue. Injini ingenyamaza yenyewe, na hakuna ambaye angemlaumu.

Sikumwomba. Sikuwa na mdomo wa kumwomba. Nilisema tu, "Shamba la mama yako limo humo pia. Liko jirani na langu."

Akapita chini ya mkono wangu. Nilidhani ndiyo anakwenda kuzima, nikafumba macho. Nikasikia kifuniko kinafunguliwa, nikasikia dizeli inagugumia ikishuka. Nilipofumbua alikuwa amepiga magoti, mtungi umeegemea begani, analia mdomo wazi, na kwa ajili ya ile kelele sikusikia hata kidogo anavyolia. Waliokuwa njiani hawakumwona, nilikuwa nimeziba mlango.

Tukakaa hivyo. Vidoto vikajipanga. Vikafika mwisho wa mstari, na mjukuu wangu akalizima sanduku kwa mkono wake, akaliwasha upya. Kioo kitupu. Kitupu bado. Nikasema moyoni, wifi, kama ni wewe, tafadhali. Kisha maandishi yakamwagika, mistari kwa mistari, marefu, mpaka yakasimama yenyewe na kuuliza, ndivyo alivyonieleza baadaye, wewe ni nani unayetaka kuingia.

Aliandika jina lake. Akazitafuta picha. Zilikuwamo.

Mpwa akanyoosha mkono akazima injini. Hapo ndipo kilio kilipoingia kibandani, chote kwa pamoja, na mimi nikaanguka juu ya magunia nikamlilia wifi yangu.

Barazani picha zilionyeshwa. Niliona shamba langu kutoka juu kwa mara ya kwanza, umbo lake kama unyayo, na miti yangu ya mikoma kwenye kisigino, na kitone kidogo ambacho mjukuu wangu alisema ndio ulingo wangu. Kingine kando yake ni ulingo wa wifi. Hakuna aliyegawanyiwa upya pale mto unapopinda.

Lakini kabla ya baraza hilo, matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo waliniita. Waliketi upande mmoja, mimi nikawekwa peke yangu upande wa pili, na mchi wangu wakauleta wakauweka mbele yangu. Nilitakiwa niulaze mlangoni kwa marehemu, niseme nimekosa. Mpwa alikuwepo, ameinamisha kichwa. Kuhusu dizeli hakusema, na mimi sikusema. Hilo lilikuwa lake na mama yake. Waliponibana niseme nani aliiachia injini ile ingurume, nikasema ni mimi, yeye alikuja kuzima nikamzuia.

Mkubwa wao, shemeji yangu, alinipa njia. Alisema kwa upole, hata nikamwonea huruma: "Basi tuambie neno moja tu, wifi yake marehemu, tulale. Ingekuwa leo, kilio kile, injini ile, ungefanyaje?"

Nikauokota mchi wangu, nikausimamisha.

"Injini haizimwi. Nizimeni mimi kwanza."