Kutafuta Mchezo Usio na Huruma

Kabla macho hayajaniacha, sikuwahi kumshinda Mangi hata mara moja. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita rafiki yangu huyu wa Kilimanjaro, mwenye duka la mashuka ya jumla Kariakoo. Kila Jumamosi mchana tulicheza drafti mlangoni kwake, ubao ukiwa juu ya boksi lililogeuzwa, wapagazi wakipita na mizigo na kutushauri bila kuombwa. Kete zilikuwa vifuniko vya soda: zangu zimefunikwa, zake zimefunuliwa. Alikuwa akinila tatu kwa mkupuo, kisha anauliza kwa sauti ya kufika duka la nne, "Msomi, hiyo digrii uliisomea au uliiokota?"

Kisha presha ya macho ikanipofusha taratibu, jicho moja baada ya jingine, kama mpangaji mstaarabu anayehama kwa awamu. Nilipoizoea fimbo nilirudi kwenye boksi. Vidole viliweza kutofautisha: penye meno ni zake, penye mgongo laini ni zangu. Jumamosi hiyo hiyo nikashinda. Iliyofuata nikashinda tena.

"Leo umeniweza, kaka," alisema Mangi kwa upole.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka papo hapo. Ukweli ni kwamba kwa wiki tatu nilitembea Kariakoo kifua mbele, bingwa, nikiwagonga watu fimbo za miguu. Wiki ya nne ndipo nikaanza kujiuliza. Nilikuwa nafungwa nikiwa na macho mawili. Iweje nishinde bila hata moja? Lakini huwezi kumuuliza mtu kama anakuonea huruma. Atakataa, kwa huruma.

Nikaamua kutafuta mchezo wa kompyuta tutakaoucheza pamoja, ambao utasimama katikati yetu kama refa. Kompyuta yangu ina programu ya kusoma skrini: inanitajia kilichoandikwa na kila ninachobonyeza. Kwa makala na barua pepe inatosha. Michezo ni jambo jingine, maana mingi imechorwa tu, na programu haisomi michoro.

Hilo nilijifunza kwa gharama, katika duka la vifaa vya kompyuta mtaa wa pili. Desturi ya Kariakoo ni kwamba mali hujaribiwa mbele ya mteja, kwa kuwa ikishavuka mlango hairudi. Muuzaji aliniamkia shikamoo, akaniwekea drafti kwenye kompyuta, akaijaribu yeye mwenyewe. Aliijaribu robo saa nzima huku nimesimama.

"Unaona, mzee, inapiga kazi."

"Sioni."

"Lakini sauti yake si unaisikia? Hatari."

Nilikubali, nikanunua, maana sauti ilikuwa hatari kweli. Nyumbani ngoma zikalia, makofi yakapigwa, na programu yangu ikatamka, kwa Kiingereza chake, neno moja: "Dirisha." Nikabonyeza kila kitufe. Dirisha.

Miezi ilipita hivyo. Nilipakua michezo ishirini na kitu, yote mabubu. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Upanga, asiyeona tangu kuzaliwa, tuliyekuwa naye kwenye kundi la simu la wasioona. "Mwanangu, unatafuta kwa wanaoona," aliniambia. "Tafuta kwa wenzako waliojitengenezea." Akanitumia drafti isiyo na picha hata moja, maneno matupu, kila chumba cha ubao kinasomwa.

Siku ya kwanza kingi wangu, ile kete iliyofika mwisho wa ubao, akagoma. Kwa kanuni za huko alikotengenezewa, kingi hutembea hatua moja moja kama mwenye magoti mabovu. Wa Kariakoo anavuka ubao mzima. Nilikuwa nimeshaanza kuomboleza nilipokuta mahali pa kuchagua kanuni.

Jumamosi nikaibeba kompyuta hadi dukani. Mangi akavaa miwani, akalalamika kwamba ile sauti ya Kiingereza inakimbia kama inadaiwa, akaanza kucheza. Katikati ya mchezo nilikosea, kosa halisi, nikaacha kete zangu tatu wazi. Nikamsikia anabonyeza. Kompyuta ikasema kitu. Akabonyeza pengine. Ikasema kile kile. Mara ya tatu akaacha kubonyeza.

"Mashine yako inasemaje?"

"Inasema lazima ule."

Mteja mmoja aliulizia mashuka ya sita kwa sita, hakujibiwa.

"Nilikuwa nataka kupita huku," alisema Mangi.

"Haikubali. Kula."

Akala. Sauti ikanisomea kete zangu zikitoka, moja, mbili, tatu, na moyo ukanienda mbio kwa furaha ya kijinga. Nikageuza uso kuelekea pale alipokuwa. Nilitaka mtaa mzima uambiwe. Nilitaka wapagazi wasimame wacheke, digrii yangu itupwe barabarani.

"Zamu yako," alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyekaa kando ya kitanda wodini.

Nilifungwa mchezo ule kwa haki, wa kwanza tangu nipofuke. Mangi akainuka, akamtajia mteja bei, akaanza kukunjua mashuka. Mimi nikapanga kete upya, nikabaki nimekaa na kidole juu ya kitufe, nikimsubiri anitukane.