Fundi Aliyejipima Mwenyewe

Ukitaka ugomvi na Fundi, mwambie gauni alilokushonea linakubana. Habishani. Atavuta tepu inayoning'inia shingoni mwake, akuzungushie kiunoni hapo hapo mbele za watu, kisha afungue daftari la vipimo akuoneshe ulivyokuwa mwezi wa pili na ulivyo leo. "Gauni halijasogea, mama. Aliyesogea ni wewe." Miaka kumi na sita ya cherehani ilimfundisha kwamba watu hudanganya kuhusu miili yao, wengine hata bila kujua, na kwamba tepu haina sababu ya kumdanganya mtu. Imani hiyo nusura imponze.

Alikuwa na miaka thelathini na saba, ndoa yake ina miaka sita, na mtoto alikuwa hajapata. Tumbo lakini lilikuwepo. Wateja wenye midomo isiyo na breki walikuwa wakiingia na kupiga vigelegele mlangoni: "Hongera, Fundi! Miezi mingapi?" Naye hujibu, "Wa kwangu hana haraka," watu wacheke, yeye arudi kwenye mashine na kukanyaga pedali kwa hasira. Siku zake zikianza zilikuwa hazijui kwisha. Siku nane, siku kumi. Wiki hiyo alivaa sketi nyeusi tu, akakunja kitambaa cheusi mara nne na kukikalia, na mteja wa kupimwa aliambiwa arudi baadaye, maana Fundi hakuthubutu kusimama.

Hospitali walimpiga altrasaundi. Daktari, mwanamke mtu mzima asiyezungusha maneno, alimweleza kwa lugha ya sokoni: kuna vivimbe kwenye kizazi, kimoja kama chungwa, viwili kama ndimu, na vingine vidogo vidogo.

"Si saratani," alisema. "Lakini hili chungwa limekaa pabaya. Kwa kuwa unataka mtoto, tulitoe sasa, na kizazi tutakiacha."

"Na mkishindwa?"

"Damu ikikataa kusimama tutalazimika kukitoa kizazi ili wewe upone. Ni mara chache. Lakini hutokea."

Katika maneno yote yale Fundi alisikia hilo moja tu, na tusimlaumu haraka. Dada yake mkubwa, waliyelala kitanda kimoja utotoni, aliingia hospitali na uvimbe kama huo miaka tisa nyuma. Nyumbani kwao habari ile ilikuwa na sentensi moja: alikwenda kutolewa uvimbe, wakamtoa kizazi. Ikaishia hapo. Mwaka uliofuata na ndoa ya dada ikaishia hapo. Basi Fundi alikunja karatasi ya daktari, akaitia kwenye mkoba, akaondoka, na asirudi.

Alikwenda kwa Mzee wa Chupa. Aliitwa hivyo kwa sababu dawa zake za mizizi alizipima kwenye chupa za juisi zilizooshwa vizuri, zimepangwa rafuni kwa rangi. Tapeli hakuwa, tuseme haki yake. Aliamini alichokitoa kwa moyo wake wote, na hapo ndipo ubaya ulipo, maana tapeli ungemshtukia. "Binti yangu," alisema, "uvimbe unakula unachokula wewe. Ukiunyima, unanyauka." Glasi asubuhi, glasi jioni. Nyama marufuku, maziwa marufuku, sukari na mafuta marufuku. Dawa yenyewe ilinuka hivi kwamba mumewe, ambaye ni fundi bomba, aliporudi kazini siku ya kwanza alisimama jikoni akauliza ni bomba gani lililopasuka.

Na kwa kuwa Fundi hafanyi jambo nusunusu, aliongeza na tiba ya sindano. Ghorofani juu ya duka la miwani palikuwa na mama mmoja, muuguzi mstaafu aliyesomea akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano, watu wakamwita Mama Sindano. Chumba chake kilikuwa na kitanda, feni na saa ya ukutani, basi.

"Sindano mimi nimezoea kuzichomeka, si kuchomekwa," Fundi alimwambia.

"Leo utajua kitambaa kinavyojisikia," akajibiwa.

Zilikuwa kumi na mbili, nyembamba kama unywele, tumboni, miguuni na moja kati ya nyusi. Fundi alikaza meno akisubiri maumivu, akapitiwa na usingizi akisubiri. Mama Sindano alimwambia wazi tangu siku ile ile: "Hizi hutuliza maumivu. Uvimbe sijawahi kuona zikiuyeyusha, na atakayekuambia zinauyeyusha mwambie akuoneshe picha. Hospitali usiache kwenda kupima." Na kweli maumivu yalipungua. Zile siku ambazo zamani alizitumia akiwa amejikunja kando ya cherehani, sasa aliweza kukata kitambaa na hata kutania wateja. Sehemu ya kupima hospitali ndiyo aliyoiacha iingie sikio hili itokee lile.

Kwa nini aende hospitali? Kipimo alikuwa nacho shingoni! Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka, alijifungia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akajizungushia tepu na kuandika ukurasa wa mwisho wa daftari. Alianza na inchi thelathini na nane. Mwezi ukaisha, thelathini na saba. Mwezi wa pili, thelathini na tano na nusu. Mwezi wa nne ulipotimia, thelathini na nne, akacheka peke yake nyuma ya pazia kama mwehu.

"Mbona uso umesinyaa hivyo?" mumewe aliuliza.

"Wewe ulitaka ninenepe mpaka lini?"

Siku hiyo hiyo alimpigia simu dada yake: inchi nne, dada, inchi nne! Dada akauliza kama ile blauzi aliyompa amshonee imeshaisha. Fundi aliona ni kijicho, akampuuza.

Aliyemkamata ni Mama Sindano. Fundi alipanda zile ngazi kumi na nane akafika juu anahema, akajishikilia mlango. Mama yule alimtazama, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, na akaziweka sindano zake kando.

"Leo sikuchomi. Ndani ya jicho lako ni peupe kama karatasi. Damu bado inatoka nyingi?"

"Inatoka, lakini haiumi tena. Na tumbo limepungua inchi nne, nimepima mwenyewe."

"Lala. Lete mkono wako." Akauchukua mkono wa Fundi na kuukandamiza juu ya tumbo la Fundi mwenyewe, chini kidogo ya kitovu. "Unasikia nini?"

Fundi alisikia kitu kigumu, cha mviringo, kimetulia pale kana kwamba kimepanga chumba.

"Ulipokuja mara ya kwanza nilikitafuta huku chini kabisa. Sasa kimepanda mpaka huku. Hiyo tepu yako inapima nini?"

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Ni fundi, mwili anaujua. Mwanamke asiyekula nyama wala mafuta miezi minne, huku akipoteza damu kila mwezi, hupungua mgongoni, hupungua mbavuni, hupungua kiunoni kote, na tepu itasoma hivyo hivyo bila kosa. Angekuwa mteja angemwambia mara moja, wewe umekonda, nenda ukale. Alikuwa amepima minofu yake akasoma uvimbe. Alilia kwa hasira, akajiita mjinga mara tatu, na Mama Sindano hakumbishia. Alimpa tishu na kumshusha ngazi akiwa amemshika mkono mpaka kwenye teksi ya kwenda hospitali.

Chungwa lilikuwa limekuwa balungi. Damu yake ilikuwa chini hivi kwamba mpimaji aliirudia mara ya pili akidhani mashine imekosea. Alilazwa, akaongezewa damu, akapewa vidonge vya madini ya chuma na ruhusa ya kula nyama. Daktari yule yule hakumgombeza, na afadhali angemgombeza.

"Mara ya kwanza nilikuambia kizazi tutakiacha," alisema. "Leo nasema tutajaribu." Akamsogezea fomu ya kukubali upasuaji, na mstari ule wa kutoa kizazi ikibidi ulikuwa pale pale katikati. Fundi aliomba siku mbili.

Aliporuhusiwa kutoka alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, ambaye hupiga pasi kwenye duka la dobi. Alimkuta na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, mvuke umejaa chumba kizima.

"Sisaini," Fundi alisema. "Kama watanitoa kama walivyokutoa wewe, bora nife nacho."

Dada aliisimamisha pasi wima. Akaizima kabisa.

"Mimi hawakunitoa hivi hivi, mdogo wangu. Niliambiwa mapema, kama wewe. Nikaogopa. Nilikunywa dawa miaka mitatu, za mtu huyu na za yule. Siku niliyopelekwa nilikuwa nimezimia, damu imejaa mpaka kwenye viatu. Daktari ilibidi achague mimi au kizazi, na mimi sikuwa na fahamu ya kuulizwa." Akakunja ncha ya shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Nilipoamka niliona aibu. Nikasema wamenitoa. Ilikuwa rahisi watu wawachukie wao kuliko wanicheke mimi."

"Nilikupigia simu na habari ya tepu. Ukaniuliza blauzi!"

"Nilikuuliza blauzi."

"Mimi ningekuambia, dada! Ningekuambia siku ya kwanza!"

Alitamani kumzaba kofi. Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, akarudi hospitali na hasira zake zote, na akasaini kabla hazijapoa.

Walimpasua wiki tatu baadaye, damu ilipopanda. Alipozinduka, ulimi umekauka kama flaneli, neno la kwanza lilikuwa, "Kipo?" Muuguzi akasema daktari anakuja. Kando ya kitanda alikuwa ameketi dada yake, ambaye hakuna aliyemwita. Mumewe alikuwa ghorofa ya chini akitoa damu ya kurudishia benki ya damu ya hospitali.

Daktari aliingia akivua kofia. "Kumi na moja tumevitoa. Kuna wakati tulikaribia kukata tamaa, lakini kizazi kipo. Tumekishona."

"Tabaka ngapi?"

"Tatu."

"Sawa," alisema Fundi, kwa sauti ile ile anayokagulia kazi ya wanafunzi wake.

"Mwaka mzima usijaribu mimba," daktari aliendelea. "Ikiingia baada ya hapo, utajifungua kwa upasuaji. Isipoingia, tutatafuta sababu. Ahadi sina." Akampigapiga bega, akatoka.

Aliyelia ni dada. Alilia kwa kelele, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kutazama.

"Nyamaza basi, kipo," Fundi alisema. "Hujasikia? Kipo."

"Nimesikia." Dada alijifuta kwa upande wa khanga. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nakuombea wakiache. Nimeomba mpaka midomo imekauka. Na kuna mara moja, moja tu, wallahi, niliomba wasikiache. Ili tuwe wawili."

Feni ilizunguka. Nyuzi tumboni zilianza kuuma, na dripu ilikuwa ikidondoka polepole upande wa pili.

"Angekuwa mwingine ningemfukuza," alisema Fundi.

"Najua."

"Ulikuwa na miaka mingapi ile siku?"

"Thelathini na minne."

"Nilikuwa nadhani zaidi." Alijaribu kugeuka upande wa dada yake, nyuzi zikamkataza. "Sogeza kiti huku. Mimi siwezi kugeuka."

Dada akakisogeza.